Mdomo Wako Kwenye Uso wa Daktari

Chumba cha Juu,
Nyuma ya Duka la Vitambaa.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, Mama Haraka,

Hujambo? Najua barua hii unaisoma umesimama, mwiko mkononi, kwa hiyo kwanza nakuomba ukae. Magoti yako vipi? Na mama, bado anaigombeza redio? Shemeji mwambie namsalimia sana, na kwamba kitambi chake nimekiona kwenye picha, hakijifichi tena.

Mimi ni mzima, ila mgongo unalalamika na miwani sasa ina vioo vinene kama vitako vya chupa.

Juzi kwenye simu uliniuliza kama chumba changu apewe binti yako mkubwa, maana anatarajia mtoto na kwake pamebana. Nikasingizia mtandao. Mtandao ulikuwa mzuri tu, kilichokatika ni sauti yangu. Najua sijalala humo tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi. Lakini huku mtu akiniuliza kwetu ni wapi, namwambia nina chumba, dirisha lake linatazama tangi la maji. Nikikitoa, nitamwambia nini?

Kazi ya kuchora sura za watu ipo. Watu wanapanda ngazi, wanakaa kwenye kiti cha dirishani, nawaambia wageuze kidevu kidogo, basi, wabaki hivyo hivyo. Hayo ndiyo mazungumzo yangu mengi ya wiki. Namjua mtu mpaka kovu la kwenye nyusi, halafu picha ikikauka anaichukua na kuondoka, nabaki na kiti. Utani wangu nao haushiki huku. Nikitania, wanadhani nauliza bei.

Sasa ngoja nikuchekeshe. Alikuja daktari wa meno mstaafu, mama mmoja mnyoofu kama rula. Wanawe ndio waliotaka picha yake. Nilimchora kwa moyo wote. Siku ya kumwonyesha akavaa miwani, akasogea, akasogea tena mpaka pua ikakaribia kugusa rangi. Nikadhani amevutiwa.

"Mwanya huu umetoka wapi?" akauliza.

Mdogo wangu, nilikuwa nimempa daktari wa meno mwanya. Wa juu, katikati, ule ule wako, na mdomo umepanda upande wa kushoto kama unavyofanya ukijizuia kucheka msibani. Nikazigeuza picha nyingine zilizokuwa zinakauka ukutani. Fundi cherehani, mdomo wako. Mwenye nyumba wangu, masharubu juu, chini yake wewe. Hakuna aliyelalamika, labda walijiona wamependeza.

Nikamwambia daktari ukweli, kwamba mdomo ni wa mdogo wangu aliye mbali. Hakukasirika. Alirudi kitini akafungua kinywa niyaone meno yake, kana kwamba leo daktari ni mimi, halafu akakifunga kwanza ili aseme, "Basi umrudishie mwenyewe."

Kwetu wachoraji kosa kama hilo unalifuta kwa kitambaa chenye tapentaini, mara moja limekwisha. Mkono ukakataa. Ilibidi kwanza niunakili mdomo wako kwenye kipande cha turubai, ndipo nikaufuta wa pale na kumchorea daktari wa kwake.

Jioni nikasema ngoja nimalizie uso wako. Mdomo upo, mwanya upo, lakini kufika machoni nikakwama. Sijui mvi zako zimeanzia upande gani. Sijui kama lile shavu bado lina kishimo. Kwenye picha unazotuma haumo, mpigaji ni wewe, na kwenye simu unanionyesha dari na tundu moja la pua. Nimechora nusu ya watu wa mtaa huu, na mdogo wangu simjui zaidi ya mdomo. Kile kipande nimekitundika mbele ya meza ninayolia chakula. Tunakula wote, na angalau sasa hunidokolei nyama.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Mpe binti yako chumba. Kitanda, kabati, dirisha na tangi lake, vyote. Ila ile michoro ya mkaa nyuma ya mlango, iliyonipa jina na viboko, asiipake rangi mpaka mtoto aione.

Mimi tiketi nimeshakata. Nakuja mwezi wa nane, nitalala sebuleni. Ninachotaka ni kiti kwenye dirisha la jikoni, panapoingia mwanga wa asubuhi, na wewe uwe juu yake. Najua utataka kunyanyuka kutazama sufuria. Tangu utotoni hujawahi kunikalia hata nikamaliza sikio. Safari hii acha iungue.

Nisalimie mama, mjomba fundi saa, na huyo mjamzito wetu. Mungu awafunike wote mpaka nifike, na magoti yako ayape nguvu za kukaa, maana za kukimbia unazo tele.

Dada yako akupendaye, mdomo na vingine vyote nitakavyovikuta,

Mkaa