Nimeosha kombe la Mama Mkubwa

Ibra, Oman, Jumatano. Vumbi tangu asubuhi, mitende ya jirani haionekani, na moyo wangu nao hivyo hivyo.

Leo mjuaji kajulishwa.

Mnaonisoma mnazijua sifa zangu. Skuli tuliachana njiani, lakini kwenye vyombo vya Kichina hakuna wa kunifundisha. Nimetazama video mpaka simu ikawa moto. Najua udongo wao mweupe ulivyopondwa na kuchujwa. Najua ile buluu ya kuchorea waliitoa Uajemi, ikaenda kwao kwa bahari, kisha ikarudi huku kwetu imo ndani ya sahani. Hata misikiti ya kale upande wa Nizwa ina bakuli za Kichina zilizobandikwa kwenye mihrabu. Nani mwengine mtaani anayejua hayo? Hakuna.

Basi ile sahani ya Bibi, iliyotoka Unguja imefungwa ndani ya kanga, leo nimeikuta mezani jikoni imefunikwa kawa. Nikampigia video binamu yangu Sleyum, yuko Nizwa. Yeye siku zote hushikilia kuwa ni sahani ya dukani tu.

"Haya profesa, igeuze tuone chapa," akasema.

"Ngoja kwanza niisafishe, nikuoneshe kaure ya Kichina ni kitu gani. Doa halikai hapa, hata ulibembeleze."

Ilikuwa na manjano yaliyokauka. Nikadhani zaafarani ya wali. Nikatia sabuni, nikasugua.

Hapana. Hapa nisidanganye.

Katikati ya kusugua niliona alif. Nikaona na lam. Nikajua ni kombe. Maalim alikuja asubuhi kutoka Fanja, na mkono wake unaotetemeka, akaandika aya kwa zaafarani, zikauke, zioshwe kwa maji na marashi, Mama Mkubwa anywe. Kesho anapasuliwa hospitali Nizwa, na anaogopa kulala asiamke.

Niliona, na mkono haukusimama. Kwa sababu Sleyum alikuwa anatazama.

Maji ya manjano yakateremka na povu. Sahani ikang'ara kama imetoka tanurini. Kaure ndivyo ilivyo, ngozi yake kioo, hainywi kitu, na ndiyo maana wazee waliipenda kwa kuandikia kombe. Mama Mkubwa sikumbakishia hata nukta.

Bibi, ambaye macho yake yamepungua, akaita kutoka ukumbini: "Mwanangu, kombe limeshakauka. Litie maji umpelekee mama yako mkubwa."

Nikatia maji. Nikatia marashi. Nikapeleka.

Mama Mkubwa ndiye aliyenilea wakati mama yangu yuko kazini. Akaishika sahani kwa mikono miwili, akafumba macho, akapiga bismillahi, akanywa mpaka tone la mwisho.

"Maalim leo kazidisha zaafarani," akasema, huku anacheka, na mle hamkuwa na hata chembe. Kisha akaitundika tasbihi yake msumarini. Wiki nzima haikumtoka mkononi. "Sasa nimetulia, baba. Leo nalala."

Nikaipokea sahani, nikairudisha jikoni.

Kutwa najitetea. Nimejiambia kinachomtuliza ni imani yake, si zaafarani. Nimejiambia nikisema nitamtia hofu, na hofu si nzuri kabla ya kisu. Maneno mazuri, ila yananifaa mie kuliko yeye. Yule kaacha kuomba kwa kudhani keshaombewa.

Na akipona? Atalisifia lile kombe kwa kila mgeni, na mie nitakuwa nimekaa pale pale, napitisha kahawa.

Baada ya maghribi nimempigia Maalim. Hakunigombeza. Kauliza tu, "Mwenyewe anajua?"

Nikasema bado.

"Basi mwambie. Kumsomea nitamsomea, hata kwa simu. Lakini kwa kumficha, sisomi."

Matusi nayaweza, nimeyazoea, mengine nimeyatunga mwenyewe. Ninachoogopa ni Mama Mkubwa anitazame tu, asiseme kitu.

Kesho ina mambo yake. Hili ni la leo. Taa yake bado inawaka, nasikia zipu ya mkoba anaopangia nguo za hospitali.

Nagonga.