Mluzi wa Saa Saba

Jumatatu, 3 Juni
Dada kalazwa hospitali leo, kwa matibabu ya macho. Yatafungwa yote mawili hadi Jumamosi. Kaniachia funguo, maua ya kumwagilia na Mheshimiwa – chiriku wake, jina kalipata kwa sababu haachi kuhutubia. "Profesa," akaniambia (ananiita hivyo tangu nianze kusoma magazeti ya kufungia vitu), "maua yakifa nitakusamehe." Hakumalizia. Hakukuwa na haja.

Tundu la ndege limechakaa. Mimi miaka kumi na tisa napaka vanishi samani za watu, na tundu la dada yangu linafanana na kreti la nyanya! Nikamhamishia Mheshimiwa kwenye kapu la nguo, nikapiga msasa, nikapaka vanishi mara mbili. Akifunguliwa macho, aone hilo kwanza. Jioni nikajaribu kwa kidole gumba, kama tufanyavyo kazini: kisiponata, mzigo unatoka. Hakikunata. Nikamrudisha ndani.

Jumanne, 4 Juni
Hajahutubia. Amejikunyata, manyoya yamefura, mkia unapanda na kushuka kila akivuta pumzi. Nilijua papo hapo. Chumba lazima kinanuka karakana, ila pua yangu ilishakufa zamani.

Kidole gumba kinapima kama kiti kimekauka kwa makalio ya mteja. Hakipimi mapafu ya kiumbe mwenye uzito wa barua.

Saa saba mchana, simu. Dada yuko gizani, anataka sauti ya Mheshimiwa tu. "Msogezee simu basi!" Nikaisogeza. Kimya. Basi – naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma – nikapiga mluzi mwenyewe. Dada akacheka kwa raha. Miaka hamsini na mbili ninayo.

Jumatano, 5 Juni
Kwa daktari wa mifugo. Foleni: mbuzi, mbwa, mbwa, mimi na boksi la viatu. Mwenye mbuzi akauliza kama viatu vyangu vina homa. Kicheko foleni nzima, nami nikacheka, ningefanyaje.

Daktari akamsikiliza, akauliza: umepuliza dawa ya wadudu? Umepaka rangi humo ndani? Nikasema hapana. Mdomo ulijibu wenyewe. Yeye alikuwa anatazama kucha zangu, zina vanishi isiyotoka hata kwa mafuta ya taa. Akanipa matone ya kuua vijidudu.

Saa saba nikaimba tena. Kwa madoido! Dada kasema mgonjwa wa kitanda cha pili, mwalimu mstaafu, anashangaa: huyo ndege anavuta sigara?

Alhamisi, 6 Juni
Hali mbaya zaidi. Natibu ugonjwa wa uongo wangu, si alionao.

Nimerudi kwa daktari, nikaeleza yote. Laiti angenigombeza! Alisema tu: "Ungesema jana, mzee wangu." Niache matone. Hewa safi, joto, akae kwenye boksi, tundu litoke nje. Atapona? Labda. Ataimba? Hapo daktari akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

Tundu nimelitupa uani. Linang'aa juani – kazi nzuri, siwezi kukataa. Nikalipiga teke. Kidole cha mguu kimevimba. Sawa tu.

Saa saba niliazimia kumwambia. Kabla sijafungua mdomo Dada akanong'ona kuwa wodi nzima imenyamaza, wanasubiri. Wagonjwa sita! Nikawaimbia.

Ijumaa, 7 Juni
Kala punje nne. Anafumbua mdomo, koo linatetemeka, hakitoki kitu.

Dada kwenye simu: "Zamani hakuwa akiimba kila nikimwomba. Umempa nini, mdogo wangu?" Nikasema mtama. Akasema haya, kesho.

Jumamosi, 8 Juni
Amefika saa tano, miwani myeusi. Sentensi yangu niliiandaa tangu alfajiri: Dada, nilipaka tundu. Maneno matatu. Akanipita mlangoni, akatazama msumari mtupu dirishani, tundu lilipokuwa likining'inia. Nikamwonyesha boksi kwa kidole, kidole kilekile gumba.

Alipiga magoti. Akavua miwani. Macho mekundu, yanatiririka, kwa dawa au kwa lingine sijui. Akapiga ule mluzi wanaoitana nao. Mheshimiwa akainua kichwa. Akafumbua mdomo.

Hakuna.

Dada hakugeuka. Akasema taratibu, "Profesa. Nijibu wewe basi."

Nikasema nachemsha chai. Niko jikoni, naandika nimesimama, sufuria limeshakaukiwa maji. Kule chumbani amepiga mluzi tena, na anasubiri. Midomo imenikauka. Maneno ni matatu tu.