Wimbo Nisioujua Maneno

Jumatatu, 1 Julai

Udongo mzito leo. Nimekanyaga tope la tofali tangu asubuhi, miguu imekufa ganzi. Hapa Masieda jua la maana halitoki mpaka saa tano. Redio nimeitundika kwenye mti. Memori kadi niliyojaziwa nyimbo Mbulu mjini nusu yake takataka. Vijana wa sasa wanaimba majina ya magari. Singeli inanipa kizunguzungu. Umo wimbo mmoja tu wa maana, wa Kiiraqw. Wanawake tu na ngoma moja. Sijui hata neno moja. Nimeurudia mara sita. Machozi yakanitoka, nikasema vumbi. Nani aliona vumbi kwenye tope?

Jumatano, 3 Julai

Wimbo nimeukariri wote kwa kusikia. Naimba huku nakanyaga, kazi inakwenda. Paskali, mwenzangu anayejaza tope kwenye kalibu, mwenyeji wa hapa, anacheka mpaka anakaa chini.

"Unaimba kama una kiazi mdomoni, Mmakonde."

Mimi Mmakua wa Masasi. Nimechoka kueleza.

Tofali ni za Baba Tumaini, aliyetuajiri. Anataka mama yake aingie nyumba ya tofali za kuchoma. Bibi karudi kutoka hospitali wiki iliyopita, mwembamba kama ufito. Kitanda chake kiko dirishani, hatua kumi kutoka shimo la udongo. Labda wimbo unamchangamsha.

Ijumaa, 5 Julai

Kuna jambo. Mama Tumaini kaweka uji juu ya jiwe na kuondoka bila salamu. Baba Tumaini kaja mwenyewe kuzima redio. Nimejichunguza siku nzima. Shikamoo nampa Bibi kila asubuhi. Sijaiba. Sijamtazama mke wa mtu. Sielewi.

Jumamosi, 6 Julai

Paskali kaniambia. Ule wimbo unaimbwa maiti ikitolewa ndani. Hauna kazi nyingine. Na mimi wiki nzima nimeuimba chini ya dirisha la mgonjwa, kwa nguvu, nikipiga na makofi. Majirani wanasema naita msiba. Baba Tumaini anataka niondoke Jumatatu.

Nikamuuliza Paskali kwa nini hakunionya.

"Nilidhani unajua, kaka. Nikasema huyu ana roho ngumu."

Nina aibu. Hasira pia. Sijui kwa nani. Yule wa duka la Mbulu kanijazia wimbo wa msiba katikati ya singeli, wala hakuniuliza. Lakini kosa ni langu. Ningeuliza maana kwanza. Ila nani huuliza maana ya kitu kinachomliza?

Jumapili, 7 Julai

Bodaboda mpaka Mbulu, kutafuta kibarua kingine. Sikupata. Nikaingia kibanda cha video. Filamu ya Kikorea, mtafsiri anapayuka juu ya sauti za wenyewe. Mwezi jana niliiona filamu hiyo hiyo kwa mtafsiri mwingine. Kule mzee mmoja alikuwa baba wa binti. Leo ni mwajiri wake. Mara zote mbili nilimhurumia binti, na watu wote kibandani walimhurumia. Sasa tulikuwa tunamhurumia kwa lipi? Nimetoka kabla haijaisha. Kichwa kinauma.

Jumatatu, 8 Julai

Begi lilikuwa tayari. Bibi akaniita dirishani. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akaniamuru niimbe. Baba Tumaini kasimama mlangoni, uso kama jiwe. Nikaimba nikitazama chini. Nilipofika neno la mwisho Bibi akaanza kutikisika. Nikadhani ndiyo anakata roho. Kumbe anacheka.

"Hilo si neno, mjukuu wangu. Huyo ni mtu amemeza uji wa moto."

Neno linatoka kooni, chini kabisa. Koo langu halina hiyo njia. Akalirudia mara tatu, mimi nameza uji tu. Hata Mama Tumaini akaficha uso kwenye khanga.

Kisha Bibi akamgeukia mwanawe, kwa Kiswahili ili na mimi nisikie.

"Haondoki mpaka aliseme vizuri. Mimi sijaogopa. Wewe unaogopa nini?"

Baba Tumaini akatoka, akarudi kazini kwake. Begi nimelifungua.

Jumatano, 10 Julai

Kila baada ya chai Bibi ananifundisha. Kabla ya neno la mwisho lazima unyamaze, uvute pumzi, ndipo uliseme. Ukikimbilia, anasema, umemsukuma marehemu mgongoni.

Leo kanipa maana. Sogezeni ng'ombe, mwenzetu apite. Amekamua vya kutosha. Neno la mwisho ni nyumbani.

Basi. Ng'ombe na maziwa. Nilitegemea kitu kikubwa. Mimi ng'ombe sijakamua maishani. Nilipolia nilikuwa namwona marehemu mama akipepeta mtama uani Masasi. Wimboni hayumo. Je, nililia kwa uongo? Wimbo ulikuwa mzuri zaidi nilipokuwa sijui? Na leo, baada ya kuujua, mbona nashindwa kuuacha? Nimemuuliza Paskali. Kasema nichanganye udongo.

Ijumaa, 19 Julai

Bibi alifariki juzi mchana, kalala, mkono dirishani. Hakuna aliyenitazama vibaya. Mimi mwenyewe ndiye niliyejitazama vibaya.

Tumemzika leo. Kwaya ya vijana ilikuja na kinanda na spika kubwa. Wakaupiga wimbo wake haraka haraka, kama wa harusi. Nyumbani, nyumbani, nyumbani, bila kuvuta pumzi. Paskali anasema umependeza, watu wamefarijika. Mimi naona wameuharibu. Halafu najiuliza, mimi ni nani? Wimbo ni wao. Mimi wa kuja, ninakosoa.

Baba Tumaini alikuwa kando yangu. Hatujasemeshana sawasawa tangu siku ile. Kwaya ilipokaribia neno la mwisho nikamsikia kanyamaza. Na mimi nikanyamaza. Akavuta pumzi. Nikavuta.

Wenzetu walishaanza ubeti mwingine. Tukalisema polepole, sisi wawili, nyuma yao.