Kiungo cha Waya Kwenye Njia ya Ng'ombe

Karatu,
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Goti limepungua kuuma, au bado unakanyaga cherehani kwa mguu mmoja? Na Mama, kikohozi kimemwachia? Mimi sijambo kabisa, isipokuwa baridi. Asubuhi ukungu unashuka kutoka Ngorongoro, na hadi saa nne mimi bado nimejifunga kanga juu ya koti. Watu wa huku wananicheka. Wao wako shambani wanang'oa maharage kana kwamba hakuna kitu.

Baba, nataka nikusimulie mwenyewe mambo ya wiki hii kabla hujayasikia kwa mtu mwingine, maana sasa nina barua ya onyo kwenye faili langu.

Unajua kazi yangu ni pampu ya mradi wa maji. Jenereta iko juu kilimani, pampu iko chini bondeni kwenye chemchemi, na waya umefukiwa ardhini katikati. Zamani mota ya pampu iliwashwa kwa swichi tu, ikaruka kwa kishindo. Mwaka huu tumeletewa sanduku la kuongoza mwendo wake, limefungwa juu kando ya jenereta. Linaianzisha taratibu, kisha linaongeza kasi, kama wewe unapoanza kushona kitambaa chepesi. Likihisi hatari linazima lenyewe, na kwenye kioo chake kidogo zinawaka herufi nyekundu za kueleza kosa.

Jumatatu likazima. Herufi mbili, O na C. Kitabu chake kinasema maana yake umeme unaokwenda kwenye mota umezidi kiasi. Tukiwasha, linavuma kidogo, linazima tena. Kufika Jumatano tangi lilikuwa kavu, zahanati inaletewa maji kwa punda, na kina mama wamekaa na ndoo zao tangu alfajiri.

Meneja wetu, Bwana Lema, akamgeukia mlinzi wa pampu na jenereta, Mzee Bura. "Huyu ndiye anayeshinda na hilo sanduku," akasema mbele ya watu wote. "Amebonyezabonyeza mpaka ameliunguza."

Mzee Bura ni Mwiraqw wa Rhotia hapa jirani, mtu wa maneno machache. Akajibu, "Bwana meneja, mimi nafuta vumbi tu."

Meneja akasema Ijumaa anamwachisha kazi. Kisha akaniambia mimi, "Zuhura, achana na hilo sanduku. Funga mota moja kwa moja kwenye jenereta tupate maji."

Nikakataa. "Linazima kwa sababu kuna kitu limekiona," nikamwambia. "Tukilifumbia macho tutaunguza mota, na nyingine hatuna. Nipe siku moja."

Akanipa, kwa kununa.

Nilifungua nyaya za mota kutoka kwenye sanduku, nikaliwasha likiwa tupu. Likapanda kasi mpaka mwisho bila herufi yoyote. Kumbe lilikuwa zima! Nikashuka bondeni, nikazungusha pampu kwa mkono, ikazunguka laini. Nikafungua nyaya upande wa mota nao, nikaipima mota peke yake kwa kile kipimo chetu cha kuonyesha kama umeme unavuja. Nzima. Nikaupima waya peke yake, na hapo sindano ikalala kwenye sifuri.

"Mzee, waya unavuja ardhini," nikamwambia Mzee Bura. Akachukua jembe, tukaufuata kwa miguu. Pale ng'ombe wanapovuka kwenda kunywa, mvua zilikuwa zimekula udongo na kwato zimemalizia. Mzee akachimba kidogo. Pakatokea kiungo kilichofungwa utepe mweusi, kimepasuka na kulowa maji.

Baba, nilikitambua kabla sijakigusa. Kilikuwa changu. Nilikifunga mwaka jana, wiki ile niliyofika, trekta lilipokata waya. Vifaa vya kiungo cha chini ya ardhi havikuwepo, nikatumia utepe wa kawaida nikisema nitarudi. Sikurudi.

Nikamwambia mzee ukweli. Akasema, "Binti yangu, mimi nikiachishwa nina shamba. Wewe ndiyo kwanza unaanza kazi. Sema ni kwato za ng'ombe ambao mimi mlinzi sikuwazuia, yaishe."

Ningeweza kusema hivyo, na nusu yake ingekuwa kweli. Lakini nilimwona yule mzee, ameshika jembe, yuko tayari kwenda nyumbani na jina la mzembe kwa ajili yangu. Nikapanda mpaka ofisini na matope yangu.

Meneja alinisikiliza mpaka mwisho. "Utapata barua ya onyo," akasema.

"Sawa. Na Mzee Bura?"

"Aendelee na kazi."

"Basi kamwambie mwenyewe, bwana meneja, mbele ya wale waliokusikia ukimtuhumu."

Nilidhani atanitoa nje. Alikaa, akazungusha kalamu, kisha akachukua kofia yake akashuka kwenye pampu. Alimwomba radhi kwa sauti ya chini, lakini alimwomba, na watu walisikia.

Ijumaa stoo ikatupatia vifaa vinavyostahili. Nikafunga kiungo upya, tukapitisha waya ndani ya bomba la chuma, tukaufukia kina cha kiuno. Nilipowasha, mota ikapanda taratibu, kioo hakikuonyesha kosa lolote, na kina mama wakapiga vigelegele kabla maji hayajafika hata kwenye tangi. Tangu siku hiyo Mzee Bura ana daftari. Namfundisha herufi za lile sanduku, na ananisahihisha nikiruka moja.

Msalimie sana Mama, na shangazi Mwajuma anayekuuzia vitambaa, na kaka Rashidi na korosho zake huko Masasi. Mdogo wangu Somoe mwambie nasubiri matokeo yake ya mtihani, asinifiche.

Naomba usinionee huruma kwa ile barua ya onyo. Ni halali yangu. Kwenye waya huo kuna viungo vingine viwili nilivyovifunga wiki ile ile kwa utepe ule ule. Hakuna aliyeniuliza habari zake. Kesho asubuhi naanza kuchimba.

Ni mimi binti yako,
Zuhura