Amplifaya ya Mtani Wangu

Morogoro, Jumapili jioni

Nimekiri, lakini hakuniamini.

Wiki iliyopita Kobelo, jirani na mtani wangu, alinipeleka dukani nimchagulie amplifaya, kwa kuwa nilifundisha fizikia. Zilikuwa mbili. Ile ndogo ilitoa sauti safi ajabu. Ile kubwa ilikuwa na taa nyingi, lakini ilikoroma. Nikamwambia achukue kubwa.

Ulikuwa wivu. Miaka yote tulikuwa na vijiredio vya aina moja. Sasa maduka yamejaa, wanawe wanapeleka mboga za Mgeta Dar na kumletea fedha, na mimi ni mgonjwa, hata kupanda ngazi siwezi. Sikutaka abaki na muziki ule mimi nikiwa kaburini.

Leo nilikwenda kwake. "Kobelo, nilikudanganya kwa wivu. Irudishe, uchukue ndogo."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mtani wewe, unakufa huku unatania! Kwa hii hii nitapiga muziki msibani kwako, nimekalia jeneza."

Nikarudia, nikaapa. Akazidi kucheka, akaongeza sauti.

Mkewe, aliyekuwa akinimiminia chai, hakucheka.