Kupe Hachanjwi, Shemeji

Shemeji Damiani,

Shikamoo. Marahaba yako nimeisikia rohoni, basi tuendelee. Nimejifungia kwenye chumba chako cha dawa, mlango nimeuwekea gunia la mahindi. Uani watu wamejaa, kila mmoja na mbwa wake kwenye kamba. Wananiita daktari. Mimi, niliyeishia darasa la tano!

Polisi, mbwa wako, amelala hapa miguuni pangu. Ufizi umekuwa mweupe kama unga, mkojo kama chai ya rangi. Ugonjwa huo unaujua kuliko mimi. Ni kupe.

Tangu ulipotuacha, josho la Zombo limekauka. Siku hizi ruksa, tumeambiwa, kila mtu ajinunulie dawa dukani Mikumi. Mbuzi wanalala mle joshoni. Unakumbuka Alhamisi zetu? Ng'ombe wakishapita wote, zamu ya mbwa: mimi nawatupa, wewe unawapokea ng'ambo, wanajikung'uta mpaka tunalowa sote. Halafu unaketi, unampakata mmoja, unapekua masikio kwa kidole. "Kupe hachanjwi, shemeji, anang'olewa." Nilikuwa nakucheka.

Sasa sikia. Ilikuja chanjo ya kichaa cha mbwa toka Kilosa, akatafutwa mtu anayejua kushika sindano. Nani mwingine? Nilichoma mbwa wa Zombo nzima bila kung'atwa hata mara moja. Wengine wakiniona tu walilala chali wenyewe. (Hapo ungesema, "Shemeji, punguza chumvi.") Kila niliyemchoma nilimpaka dawa ya zambarau mgongoni, kama ulivyonifundisha, nisimrudie.

Mpaka hapo sina kosa. Kosa nililifanya kilabuni. Mzee Lekishoni, yule mfugaji wa kule mbugani, aliniuliza mbele za watu, "Na kupe je, daktari? Sindano hiyo inazuia ugonjwa wake?" Ningesema hapana, shemeji. Neno moja tu. Lakini watu walinyamaza wananitazama, na unanijua mimi watu wakinyamaza. Nikasema, "Mzee, kupe akimuuma mbwa niliyemchoma mimi, anakufa kupe!" Kilabu kizima kikapiga makofi.

Kumbe waliondoka na neno langu. Tangu siku ile, mtu akiona zambarau mgongoni hapekui tena masikio. Mbwa watatu wa Lekishoni wamekufa, na fisi wameingia zizini wamekula ndama. Angekuja na rungu ningejua pa kukimbilia. Amekuja na mbwa wake wa mwisho, kambeba begani kama mwanakondoo, anasema kwa upole, "Sindano imeisha nguvu, daktari. Turudie." Na majirani kawaleta.

Aliyenimaliza ni binti yako Neema. Asubuhi amemkuta Polisi hawezi kusimama. "Mjomba, si ulimchanja wewe mwenyewe?" Nikamwambia naenda kuchukua sindano. Ndiyo nimo humu. Dirisha nimelijaribu: kichwa kimepita, tumbo limekataa.

Nikitoka na sindano ya maji watashukuru, watakwenda, na mbwa watakufa. Nikisema kweli, Zombo hii nitaishi vipi? Nimezunguka chumba hiki mpaka Polisi kachoka kunifuata kwa macho.

Basi nikaketi nikampakata. Naandika kwa mkono mmoja, mwingine uko masikioni mwake. Ulikuwa na kidole chepesi wewe, changu kizito. Kupe nawatia kwenye kopo la mafuta ya taa. Chini limeshakuwa jeusi. Hiyo haina chumvi, ungekuwepo ungeliona.

Nakuahidi nitatoka na kopo hili, sindano naiacha mezani kwako. Nitamwambia Lekishoni nilidanganya, hiyo chanjo ni ya kichaa na ya kupe sinayo. Nitaanza na mbwa wake, sikio kwa sikio, halafu wa majirani. Kisha Polisi na huyo wa mzee nitawapakia kwenye tenga la baiskeli niwapeleke kwa bwana mifugo Mikumi, kama watafika. Hapo siwezi kukuahidi, na Neema nitamwambia hivyo hivyo.

Pumzika, shemeji. Mzee anagonga, ananiita daktari.

Nasukuma gunia.

Shemejio,
Mikaeli