Mwili Umekataa Nini

Dada Mwende,

Nakuandikia nikiwa nimeketi juu ya mifuko ya simiti hapa mjini Salama, wenzangu wanakula. Sijatulia. Nikikaa nataka kusimama, nikisimama nataka kwenda, na sina pa kwenda. Tangu tukuzike kule nyumbani Mutito nimekuwa nikihama mjengo mmoja hadi mwingine.

Siku ya mazishi nilisikia mtu akisema nyuma ya tenti, "Daktari wa mawazo, mawazo yenyewe yamemmaliza." Ilikuwa kansa, na kila mtu alijua ni kansa. Nilitaka kumrukia, Mama akanishika shati. Bado namjibu yule mtu nikichanganya zege, mpaka Kimani, tunayefanya naye kazi, ananicheka: "Wewe Mkamba, dada yako alitibu watu mawazo, na wewe unagombana na koleo?"

Mimi niliishia darasa la saba, na kazi yako niliielewa kidogo kidogo. Nakumbuka ukirudi kutoka kijijini Kalamba, viatu vyekundu kwa vumbi, umenuna. Ulikuwa unauliza watu kama wana huzuni, nao wanakujibu, "Huzuni ya nini? Tunamshukuru Mungu," halafu wanakupa chai. Ulinifanyia mazoezi nikila muthokoi: "Kyalo, jibu kama mgonjwa, si kama ndugu yangu."

Ndipo mama mmoja wa Kalamba akakuambia, "Moyo uko sawa, daktari. Mwili ndio umekataa." Ukamuuliza umekataa nini. Akasema: kukamua mbuzi, kuoga, kwenda kanisani. Ukaweka kando maswali yako yote ukaanza upya, na wakubwa wako wakakasirika. Hukujali. Ulifundisha wanawake wa vijijini kukaa na wagonjwa kila wiki, kuwauliza swali hilo na kuwasaidia kurudia kitu kimoja kimoja. Waliozidiwa uliwapeleka hospitali ya Kitui wapewe dawa. Kisha ulirudi tena na tena kuangalia kama nafuu imedumu. Siku yule mama alipokamua mbuzi tena, ulinipigia simu ukipiga kelele kama umeshinda uchaguzi.

Sasa wanauliza swali lako hata kwenye zahanati ya hapa Salama. Nilikuwa naipita tu. Nilifikiri nikiingia watasema kazi ya Mwende ilikuwa bure, hata ndugu yake haikumfaa. Nilidhani nakulinda, mwiitu wa mwaitu, mtoto wa mama yangu. Na huku chakula hakipiti, simu ya Mama naiacha ilie mpaka ikatike.

Jana niliingia. Nesi aliona jina la baba yetu kwenye kadi yangu, akaniuliza, "Wewe ni ndugu yake Daktari Mwende?" Nikasema ndiyo, mimi ni mdogo wake, na mimi ni mgonjwa. Hakushangaa. Alivuta kiti tu.

Sikupona, usidhani. Mguu ulicheza chini ya meza muda wote. Karibu nitoke. Lakini nilibaki, na Alhamisi narudi. Nikishindwa nitawaambia nimeshindwa, sitasema namshukuru Mungu ili wanipe chai.

Wenzangu wameanza kuinuka, naitwa. Pumzika, dada. Nakuahidi hili: jina lako halitakuwa tena sababu yangu ya kukaa nje.

Mdogo wako,
Kyalo